Uzee Si Jina la Ugonjwa: Mwanafunzi wa Udaktari na Afunzwe Kando ya Kitanda cha Mzee

Na uchukuliwe mfano. Bibi mwenye umri wa miaka 78 analetwa hospitali na mwanawe. Siku tatu zilizopita alikuwa akipalilia mihogo. Leo hatambui mchana wala usiku, anakataa uji, na usiku kucha amekuwa akimwita dada yake aliyefariki miaka mingi iliyopita. Hana joto la mwili. Hakohoi. Hana maumivu anayoweza kuyataja. Daktari kijana, huku foleni ndefu ikimngoja nje ya mlango, anamuuliza jina lake na jina la kijiji chake. Hapati jibu la maana. Basi anaandika katika kadi neno moja tu: uzee. Bibi anarudishwa nyumbani na vidonge vya usingizi.

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya maelezo, lakini wauguzi waliokaa wodini miaka mingi watautambua. Kosa lililomo ndani yake si la ukatili wala la uvivu. Ni kosa la mtu asiyefunzwa. Laiti daktari yule angetazama saa yake na kuhesabu pumzi za bibi kwa dakika nzima, angepata pumzi zaidi ya 30, na hapo angeshuku nimonia. Kwa kijana, nimonia huja na homa, kikohozi na kichomi cha ubavuni. Kwa mzee, mara nyingi huja bila homa wala kikohozi, ikiwa imejificha nyuma ya kuchanganyikiwa kwa akili. Nimonia ina dawa. Vidonge vya usingizi, kinyume chake, huweza kuidhoofisha pumzi ya mgonjwa na kumzidishia mchafuko wa akili, hata vikamaliza kazi ambayo maradhi yaliianza.

Hoja inayotetewa hapa ni hii: hakuna mwanafunzi wa udaktari anayestahili kupewa shahada kabla hajafunzwa kwa vitendo kuwatibu wazee, kando ya vitanda vyao na majumbani mwao, chini ya usimamizi wa mwalimu mwenye ujuzi huo. Mihadhara pekee haitoshi. Elimu hii huingia kwa macho, kwa masikio na kwa vidole.

Swali la mwanafunzi mmoja

Tawi la tiba linaloshughulikia wazee lilipewa jina lake mwaka 1909 na Ignatz Nascher, daktari mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi New York. Inasimuliwa kwamba Nascher alipokuwa bado mwanafunzi alipelekwa na mwalimu wake kwenye nyumba ya kuwatunzia maskini. Bibi mmoja aliyekuwa akichechemea alimlalamikia mwalimu yule. Nascher alipouliza bibi huyo anaumwa nini, aliambiwa kwamba anaumwa uzee. Alipouliza ni tiba gani itakayotolewa, aliambiwa hakuna. Jibu hilo halikumridhisha, na mwaka 1914 alichapisha kitabu kizima juu ya maradhi ya wazee na matibabu yake.

Ushahidi wa kwamba jibu la mwalimu yule lilikuwa potofu ulipatikana Uingereza. Mwaka 1935 hospitali ya West Middlesex, karibu na London, ilikabidhiwa jengo la jirani lililokuwa la kuwahifadhi maskini. Ndani yake mlikuwa na wagonjwa zaidi ya 700, wengi wao wazee waliolala vitandani kwa muda mrefu bila matumaini. Daktari Marjory Warren alifanya jambo lililo jepesi kulieleza na gumu kulitenda: alimchunguza kila mmoja wao upya. Aliwagawa kwa kadiri ya hali zao, akatafuta maradhi yanayotibika, akaagiza watolewe vitandani na wafanyizwe mazoezi ya viungo, na wodi zipakwe rangi ya kung'aa na kutiwa mwanga wa kutosha. Wengi waliodhaniwa kuwa hawatasimama tena walisimama, na baadhi yao walirudi makwao. Katika makala alizochapisha miaka ya 1940, Warren alitaka wazee watibiwe katika hospitali kuu na wanafunzi wa udaktari wafunzwe humo. Mwaka 1965 Chuo Kikuu cha Glasgow kilimteua William Ferguson Anderson kuwa profesa wa kwanza duniani wa tiba ya wazee.

Funzo la historia hiyo ni dhahiri. Wagonjwa wa Warren hawakuponywa na dawa mpya, kwani nyingi za dawa zinazotumika leo zilikuwa hazijagunduliwa. Waliponywa na daktari aliyekataa kulipokea neno "uzee" kuwa jina la ugonjwa.

Mwili wa mzee una desturi zake

Zamani ilidhaniwa kwamba mtoto ni mtu mzima mdogo, na kwamba inatosha kumpunguzia kipimo cha dawa. Dhana hiyo iliachwa, na leo kila chuo cha udaktari kina mafunzo ya vitendo ya tiba ya watoto. Kadhalika mzee si mtu mzima aliyechakaa. Mwili wake una desturi zake, na asiyezijua atamdhuru hata akiwa na nia njema.

Figo ni mfano mzuri, tena ni mfano unaoweza kuhesabiwa ubaoni darasani. Misuli hutoa taka iitwayo kreatinini, na figo huitoa katika damu. Hospitali hupima kiasi cha kreatinini kilichobaki katika damu: kikiwa kidogo, figo hudhaniwa kuwa nzima. Lakini mzee ana misuli michache, kwa hiyo hutoa taka kidogo. Figo zake zaweza kuwa dhaifu na kipimo cha damu kikaonekana kizuri. Mwaka 1976 Cockcroft na Gault walichapisha kanuni nyepesi ya kukisia kazi ya figo. Toa umri wa mtu katika 140. Zidisha kwa uzito wake wa kilo. Kisha gawanya kwa 72 iliyozidishwa kwa miligramu za kreatinini zilizomo katika mililita 100 za damu. Kwa mwanamke, jibu huzidishwa kwa 0.85.

Chukua wanaume wawili, wote wenye kreatinini ya miligramu 1. Wa kwanza ana miaka 20 na kilo 60: 140 kutoa 20 ni 120, mara 60 ni 7,200, gawanya kwa 72, jibu ni mililita 100 kwa dakika. Wa pili ana miaka 80 na kilo 48: 140 kutoa 80 ni 60, mara 48 ni 2,880, gawanya kwa 72, jibu ni mililita 40 kwa dakika. Karatasi ya maabara imewapa wote wawili tarakimu ile ile, lakini figo za mzee zinafanya kazi chini ya nusu ya zile za kijana. Akipewa sindano za gentamisini kwa ratiba ya kijana, dawa hiyo ambayo hutolewa mwilini na figo italundikana, nayo huweza kuharibu masikio na figo zenyewe. Mzee aliyeingia hospitali akiwa anasikia huenda akatoka kiziwi, na jamaa zake watasema: ni uzee.

Dawa nyingine hukaa mwilini mwa mzee kwa sababu tofauti. Kadiri umri unavyoendelea, maji ya mwili hupungua na sehemu ya mafuta huongezeka. Diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, hupenda kukaa katika mafuta. Kwa kijana wa miaka 20, muda unaohitajika ili nusu ya dawa hiyo iondoke katika damu ni takriban saa 20. Kwa mzee wa miaka 80 ni takriban saa 90. Anayemeza kidonge kila jioni huanza kidonge cha pili kabla cha kwanza hakijapungua sana, na siku ya tano huenda akaanguka akielekea chooni. Mfupa wa nyonga ukivunjika, mzee aliyekuwa akijitegemea huenda asitembee tena.

Kuchanganyikiwa kwa namna mbili

Hapana jambo linalohitaji mafunzo ya kitandani kuliko kupambanua namna mbili za kuchanganyikiwa. Namna ya kwanza ni mchafuko wa ghafla. Huanza kwa saa au siku chache, hupanda na kushuka, na dalili yake kuu ni kwamba mgonjwa hawezi kukaza fikira: akiambiwa ataje siku za juma kinyumenyume, hupotea njiani. Mchafuko huu ni kengele ya hatari. Nyuma yake huenda kuna nimonia, malaria, upungufu wa maji mwilini, mkojo uliozuiliwa, au dawa aliyoandikiwa na daktari mwenyewe. Chanzo kikiondolewa, mara nyingi akili hurudi.

Namna ya pili ni demensia, ambayo huingia polepole kwa miezi na miaka, ikianza na kusahau mambo ya karibuni. Huu nao ni ugonjwa wa ubongo. Kila mzee husahau mara moja moja. Si kila mzee ana demensia. Utafiti uliofanywa katika vijiji vya Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba kati ya watu wenye miaka 70 na zaidi, takriban 6 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa huo.

Watafiti wa Hai walikabiliwa na tatizo lenye mafunzo mengi. Vipimo vya akili vilivyotengenezwa Ulaya na Marekani humtaka mgonjwa aandike sentensi au achore maumbo kwa kalamu. Bibi ambaye hakupata kwenda shule, na ambaye vidole vyake havijashika kalamu maishani, atashindwa kipimo hicho hata kama akili yake ni kali kama wembe. Hivyo ilitengenezwa njia nyingine: mzee huonyeshwa umbo lililopangwa kwa njiti za kiberiti, naye hutakiwa kulipanga vilevile, kisha hutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Njiti za kiberiti zimo katika kila jiko. Sayansi iliyokubali kukaa mkekani pamoja na mzee ndiyo iliyoweza kumpima kwa haki.

Elimu hii ina uzito kupita mipaka ya hospitali. Katika baadhi ya sehemu za Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na miongoni mwa alama zilizotajwa dhidi yao ni macho mekundu. Moshi wa jiko la kuni au la samadi ya ng'ombe, uliovutwa kwa miaka 50, unatosha kuyafanya macho yawe mekundu. Bibi mwenye demensia naye hutangatanga usiku, huzungumza na waliokufa, na huingia nyumba isiyo yake. Palipo na daktari awezaye kuutaja ugonjwa kwa jina lake na kuueleza kwa jamaa na majirani, uvumi hupungukiwa na chakula. Palipo na daktari asemaye "ni uzee tu", uvumi huendelea na kazi yake.

Hoja za wanaopinga

Wapo wanaosema kwamba Tanzania ni nchi ya vijana, na kwamba fedha na nguvu zielekezwe kwa mama na mtoto. Hoja hii haina ubaya wa nia, bali ina upungufu wa hesabu. Katika sensa ya mwaka 2012 watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi walikuwa takriban milioni 2.5, yaani asilimia 5.6. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 61.7. Hata kama uwiano wa wazee usingebadilika hata kidogo, idadi yao ingefikia karibu milioni 3.5. Aidha, mzee na mtoto hawashindani. Katika nyumba nyingi bibi ndiye mlezi wa wajukuu, hasa pale ambapo UKIMWI umewachukua wazazi. Bibi akivunjika nyonga, ni watoto hao wanaokosa uji.

Wengine husema kwamba mtaala umejaa. Ni kweli kwamba miaka mitano ya masomo ya udaktari ina mengi. Lakini kwa desturi mwanafunzi hupitia wodi kuu nne: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, na uzazi pamoja na magonjwa ya wanawake. Mtoto ana nafasi yake katika desturi hiyo, na mama ana yake. Mzee hukutwa njiani tu.

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi: kwamba mwanafunzi huwaona wazee kila siku katika wodi ya magonjwa ya ndani, basi amekwisha kufunzwa. Jibu lake ni kwamba kuona si kufunzwa. Daktari yule wa bibi wa mihogo alikuwa amewaona wazee mamia. Kilichokosekana ni mwalimu wa kusimama naye na kumuuliza: pumzi ni ngapi? Mchafuko huu ulianza lini? Juma lililopita alikuwa akifanya nini? Anameza dawa zipi?

Serikali imekwisha kupiga hatua. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliweka huduma za afya miongoni mwa haki za mzee, na madirisha ya wazee yamefunguliwa katika hospitali na vituo vingi. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni wazee waliofikia umri wa miaka 70. Lakini dirisha humfikisha mzee kwa daktari upesi. Halimfundishi daktari la kufanya. Ikiwa aliye nyuma ya dirisha hajui desturi za mwili wa mzee, basi mzee amefupishiwa foleni ya kwenda kukosewa.

Mafunzo yaweje

Majuma manne ya mafunzo ya vitendo katika mwaka wa mwisho yangetosha kuwa mwanzo, nayo hayahitaji mashine za gharama. Vifaa vyake ni saa, kipimo cha shinikizo la damu, kiti, na njiti za kiberiti.

Jambo la kwanza ni adabu ya uchunguzi. Mwanafunzi na aanze kwa shikamoo, aketi chini ili uso wake uonekane, aseme polepole karibu na sikio linalosikia, na amuulize mzee mwenyewe kabla ya kumgeukia aliyemleta. Wengi huzungumza na mtoto wa mgonjwa kana kwamba mzee ni mzigo uliowekwa kitandani. Kumbe mzee ndiye ajuaye alianguka mara ngapi, na huenda amewaficha wanawe.

Pili, mwanafunzi na apime shinikizo la damu mara mbili: mzee akiwa amelala, kisha baada ya kusimama kwa muda usiozidi dakika 3. Likishuka kwa milimita 20 za zebaki au zaidi, sababu ya kizunguzungu huenda imepatikana, na pengine sababu hiyo ni vidonge vya shinikizo lenyewe. Tatu, amtake mzee ainuke kitini, atembee mita 3, ageuke, arudi na kuketi. Akitumia sekunde 12 au zaidi, yumo katika hatari ya kuanguka. Jaribio hili dogo humwonyesha mwanafunzi mambo mengi kwa pamoja: nguvu za mapaja, macho, uimara wa mwili, hata viatu.

Nne ni mkoba wa dawa. Jamaa waombwe walete kila kitu ambacho mzee anameza, pamoja na dawa za asili na vidonge alivyopewa na jirani, na vyote vimwagwe mezani. Si ajabu kukuta dawa moja yenye majina mawili ikimezwa mara mbili. Kuondoa dawa isiyohitajika ni tiba kamili, na ni ujuzi usiofundishwa na yeyote anayefunza kuandika dawa tu.

Tano, mwanafunzi na aende nyumbani kwa mzee. Huko ataona choo kilicho hatua 40 gizani, kizingiti kirefu cha mlango, kisima kilicho bondeni, na mjukuu wa miaka 9 ambaye ndiye muuguzi. Ataelewa kwa nini amri ya "kunywa maji mengi" haikufuatwa. Huko pia na akutane na wazee wazima wa afya, wanaolima na kuongoza vikao. Mwanafunzi anayekutana na wazee wagonjwa peke yao huhitimu akiamini kwamba uzee wenyewe ni ugonjwa.

Mwisho, na apimwe. Kila mwalimu ajua kwamba lisiloulizwa katika mtihani halisomwi. Mtihani wa mwisho wa udaktari na uwe na mzee aliye hai mbele ya mwanafunzi, na alama zitolewe kwa jinsi alivyomsikiliza kama zinavyotolewa kwa jinsi alivyomgusa. Mwuguzi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo na afisa wa ustawi wa jamii wawe miongoni mwa wafunzaji, kwani mzee hatibiwi na daktari peke yake.

Jambo hili lawahusu walimu na wanafunzi wa sekondari kuliko linavyoonekana. Hesabu ya figo iliyotolewa hapo juu yaweza kufanywa katika somo la hisabati, na sababu zake zikaelezwa katika biolojia. Miongoni mwa wanafunzi wa kidato cha nne na cha sita wamo madaktari wa miaka kumi ijayo. Wakati huo wazazi wa wengi wao watakuwa wanakaribia miaka 60, nao watafika hospitali wakiwa na maradhi yasiyojitangaza. Wahenga walisema kwamba penye wazee haliharibiki neno. Hospitali nazo zina deni la kuhakikisha kwamba wazee hao wenyewe hawaharibiki kwa kukosa mtu wa kuwahesabia pumzi kwa dakika moja.